Lauvhaug Apewe Anayekama

Sogezeni viti, wanangu, mnisikilize, maana leo sauti ninayo na ya kesho siijui. Eilert, acha kuchungulia dirishani. Meli ya Bergen haijapiga honi, na hata ikipiga, kesho itapita nyingine, lakini mama yako hapiti mara mbili. Sigrun, weka hiyo ndoo chini ukae. Na wewe Mons, jirani yetu wa Bakka, uliyeacha viazi vyako udongoni ukaja na buti zako za matope mpaka kitandani kwangu, kaa hapo miguuni pangu uwe shahidi. Wazee walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, nami nakuomba jembe uliweke kando kidogo, usikie ninayowaambia watoto hawa wawili wakati akili yangu ingali timamu. Daktari ameshanieleza habari za moyo wangu. Sikulia, na nyinyi msilie kabla ya wakati wake.

Sina la kulalamika. Nilizaliwa kwenye kibanda cha mlimani, wazazi wangu wakiwa watu wa kumlimia mwingine ili wapate pa kulala, nikaja hapa Lauvhaug kukama ng'ombe kwa ujira, na Anfinn, baba yenu, akanipenda machoni pa mama yake, aliyekuwa amekwisha kumtafutia binti wa shamba lenye msitu na mashine ya kupasulia mbao. Siku ya harusi bibi yenu Brita aliwaambia wageni, wala hakupunguza sauti, "Huyu kaja na mdomo tu, hata kijiko hakuleta." Watu wakacheka, nami nikacheka, maana alisema kweli. Baadaye mdomo huo huo, kwa fedha za hadithi zake, ndio ulioezeka upya paa la zizi, na Brita akaishi mpaka akaliona. Kinyongo hicho nilikizika pamoja naye. Nimekitaja ili mjue kwamba shamba hili haliulizi nani alizaliwa wa kwanza, linauliza nani kaamka.

Watu wa mjini huniuliza hadithi nilizitoa wapi, na nimechoka kuwajibu kwa sababu jibu langu haliwafurahishi. Nilizitoa kwenye sufuria. Kule juu malishoni, tulikopanda na mifugo kila kiangazi, ukishaitoa jibini nyeupe hubaki maji yake, nayo unayachemsha kutwa nzima ukikoroga bila kuacha, mpaka yawe mazito na ya rangi ya kahawia. Ukipumzisha mwiko kidogo tu yanashika chini, na jibini ya majira yote ya baridi inanuka moshi. Mkono ukifungwa hivyo, mdomo unabaki huru. Nilikuwa naanza hadithi maji yakiwa mepesi, na nilijua lazima niimalize pale mwiko unapoanza kusimama wenyewe. Mama yako, Mons, Mungu amrehemu, alikuwa akipiga kelele kutoka mlangoni, "Ragnfrid, usiliue bado hilo jitu, jibini haijaiva!" Ndiyo sababu majitu yangu huchelewa kufa. Kuna profesa mmoja ameandika kurasa nyingi akieleza sababu nyingine kabisa, na sikutaka kumharibia kazi yake.

Mashairi ni jambo jingine. Mashairi yalinijia mara moja tu, mwaka ule baba yenu alipovuka ziwa la barafu na farasi akiburuta gogo, mwishoni mwa Machi, na kila mtu alikuwa amemwambia kwamba barafu imeanza kuchoka. Ikapasuka chini yao. Baba yenu walimpata, farasi hawakumpata. Niliporudi kutoka makaburini nilikaa kwenye benchi la jikoni na sikuinuka, na ng'ombe wakawa wanalia zizini kwa kujaa maziwa, mimi nawasikia na kusimama siwezi. Wewe, Eilert, ulikuwa umekwisha kurudi shuleni Bergen, na ilikuwa sawa, mimi ndiye niliyekupeleka. Sigrun alikuwa kigoli, ametoka kupata kipaimara juzi tu. Alitungua ndoo ukutani. Hakuniuliza neno, hakunipapasa kichwa, alitungua ndoo akatoka, na tangu siku ile kazi hiyo haijarudi mikononi mwangu. Basi nikaandika kitabu. Gazeti la mji mkuu likasema mama huyu mkulima ameyachota mashairi yake kwenye ndoo ya maziwa, na bwana aliyeandika alidhani amenitukana. Nilikikata kipande kile nikakibandika zizini, mpaka ng'ombe mmoja akakila.

Sisemi hivi ili mumwonee Sigrun huruma. Huruma haipendi, muulizeni. Alipata mchumba, fundi mzuri wa mashua, akamkataa mwenyewe kwa sababu, alisema, mtu yule hawezi kunyamaza wakati wa kula, na nyumba hii ilikuwa tayari na msemaji mmoja. Nasema hivi kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Kila kitabu changu mnachokiona kwenye kabati kiliandikwa kwa saa ambazo mtu mwingine alikuwa ameinama chini ya ng'ombe.

Sasa nifike penye mwiba. Mwaka juzi, Eilert, ulikuja na mabwana wa kile chama cha wapenzi wa hadithi zangu, yule bwana Krogh na wenzake, watu wema, wamesoma, walileta na keki. Wakapima sebule kwa futikamba. Wakasema nyumba hii itakuwa nyumba ya ukumbusho, watu watapanda meli kuja kuiona kama nilivyoiacha, kalamu iko mezani na shali iko kitini. Nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti hicho hicho, shali begani, wananizunguka na kamba yao kama seremala anayempima marehemu sanduku! Halafu wakakiona kitanda cha kufumia cha Sigrun pale dirishani, wakasema hakifai, hakiendani na picha, wageni watachanganyikiwa. Wewe mwanangu ukashika upande mmoja, bwana Krogh akashika wa pili, mkakitoa mpaka ghalani, na nguo ikiwa bado juu yake haijakatwa, na dada yako wakati huo yuko zizini anazalisha ng'ombe. Aliporudi, mikono ina damu mpaka viwikoni, pale pake alikuta sakafu tupu.

Tangu siku ile mmemgeuza mama yenu kuwa posta. "Mama, mwambie mwanao kahawa ipo." "Mama, mwambie binti yako nimeshakunywa melini." "Basi mwambie mwanao asinywe, kwani nani kampikia yeye?" Na wote mmekaa meza moja! Mnapitishiana siagi kupitia kwangu, watu wazima wenye mvi, mmoja kulia kwangu, mmoja kushoto. Nilicheka mwanzoni. Sasa sicheki, kwa sababu nimeanza kujiuliza, nikishaondoka hapa katikati, hiyo siagi atawapitishia nani?

Sheria ya ardhi mnaijua kuliko mimi. Shamba la ukoo ni haki ya mtoto wa kiume wa kwanza, na mjane hulikalia tu kama nilivyolikalia. Hakuna karatasi ninayoweza kuandika ikampa Sigrun Lauvhaug ikiwa Eilert anaitaka. Inachekesha kidogo. Maisha yangu yote, hadithini, nimegawa nusu za ufalme, nimewapa wachunga mbuzi na watoto wa vijakazi, wala sikumwomba ruhusa mfalme yeyote, na leo sina uwezo wa kumpa binti yangu hata hicho kiwanja anachoanikia majani ya ng'ombe. Kwa hiyo, Eilert, siamuru. Naomba. Na ninaomba mbele ya Mons kwa makusudi, kwa sababu mwanangu ni mtu wa haya, na mbele ya mtu wa Bakka hutaweza kuniambia utafikiria kisha uandike barua.

Usidhani nakuona mwenye tamaa. Nakujua. Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa karibu kabisa na sufuria, mpaka nywele zako zinanuka maziwa, na nikifika mwisho ulikuwa unalia na kudai niurudie. Sigrun alikuwa akisinzia kabla jitu halijatoka pangoni. Wewe unazipenda hadithi, na unataka mahali pa kunikuta nikiwa sipo, na hilo si kosa, mwanangu, limenigusa mno. Lakini nyumba isiyofuka moshi ni kaburi, na kaburi nitapewa kule kanisani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hao wageni wenu watakuwa wageni siku zote na jembe hawatalishika kamwe. Ng'ombe watauzwa. Malisho yataota vichaka, nawe unajua yanavyoota haraka huku kwetu, ukigeuza shingo tu hata ua huoni. Na Sigrun atakuwa nani? Atasimama mlangoni na aproni safi, atasema, hapa ndipo alipokaa, tafadhali msiguse. Huyu! Ambaye tangu azaliwe hajawahi kumwambia mtu sentensi ndefu!

Halafu hata hiyo meza yenu. Eilert, sikuwahi kuandika kwenye ile meza. Bwana Krogh aliipapasa kama uso wa mtoto, na mimi nikanyamaza kwa adabu. Upepo unapenya kwenye lile dirisha, miguu inakufa ganzi, nani akae pale? Niliandika jikoni, nimesimama, juu ya kifuniko cha pipa la unga, na Sigrun akitaka unga nilinyanyua karatasi, akachota, nikaendelea. Meza ile kazi yake ilikuwa kuwekwa maua aliyoleta mkeo Augusta. Mngekuja kuwaonyesha watu maua ya Augusta, mkawatoza na kiingilio.

Basi nataka iwe hivi. Vitabu vyote na haki zake zote, na jina langu, na karatasi zote zilizomo kabatini ni vyako, Eilert, peke yako, hakuna wa kukuuliza. Chukua na meza, na kiti, na hii shali, ukitaka jengeni jumba huko huko Bergen, mvizungushie kamba, waiteni watu, sitawasumbua. Nina sharti moja tu. Bwana Krogh amekuwa akiniomba, na mimi nikiwa sipo atakuomba wewe, kwamba yule msichana wa hadithi yangu, aliyechana nywele za maporomoko, asizame mwishoni, watoto wanaogopa. Azame. Wewe ulilia kwa ajili yake, na ukakua, na hukuharibika.

Bizimu zangu za fedha, zile za kubania nguo kifuani, apewe Augusta, najua huwa anazitazama. Sigrun apewe Lauvhaug, nyumba na zizi, malisho ya chini na ya juu, mashua, kondoo, na kile kiti cha kichwani pa meza alichokalia baba yenu. Mwanamke asiye na mume hajapata kukikalia kiti kile tangu nyumba hii isimame. Sasa atakikalia huyu. Na kitanda cha kufumia kirudi dirishani kabla sijazikwa, na kirudishwe na mikono iliyokitoa.

Mons, nipe hayo maji. Hapana, kidogo tu. Ahsante.

Mambo ya mazishi ni mepesi. Jeneza langu liko darini kwenye ghala la chakula, baba yenu alilichonga pamoja na lake, mbao zetu wenyewe. Ndani yake mtakuta mikate mikavu ya vuli iliyopita, itoeni muile siku ya mazishi, ni mizuri bado, na mlipige vumbi kidogo, mimi sichagui. Mons, wewe ndiye utakayezunguka shamba kwa shamba kuwaalika watu, kama desturi, na usiruke hata nyumba moja, hata wale wa Tveit. Najua walichotufanyia kwenye njia ya malisho. Waalikwe. Mtu akirukwa kwenye mazishi, wajukuu zake watakuja kuwanunia wajukuu wenu na hata hawatajua kwa nini. Matawi ya msonobari myatandaze kutoka mlangoni mpaka barabarani. Bia iwe ya nyumbani na iwe nyingi. Mabwana wa Bergen wakitaka kuhutubia, wahutubie, lakini Eilert uwaambie kwamba kahawa ya huku haisubiri. Na Bakka tunadaiwa siku moja ya kugeuza majani, siku ile mvua ilipotukimbiza. Ilipwe kiangazi, wala msingoje Mons aikumbushe, maana hataikumbusha.

Hiyo ni honi. Nimeisikia, Eilert, masikio yangu hayajafa. Meli inakuja gatini sasa. Ukitaka kwenda, nenda, sitakushika koti, na sitakulaani, mama hamlaani mtoto kwa sababu ya meli. Lakini kama unabaki, basi ubaki kweli.

Umevua koti. Haya. Mons, mtundikie.

Unasema nini? Sikusikii, mwanangu, na hata ningekusikia, usiniambie mimi. Mimi si posta tena. Yule pale, umbali wa mkono wako, mwambie mwenyewe.

Hivyo. Rudia, na jina lake ulitaje.

Nimesikia. Mons naye amesikia, namwona anavyofuta pua. Na wewe Sigrun, mtu akikuambia shamba ni lako hutazami sakafu. Mjibu. Neno moja linatosha, mengi sikuyazoea kwako... Haya. Hilo linatosha.

Sasa shikaneni mikono. Huku kwetu neno halijawa neno mpaka wawili wamepeana mkono na wa tatu ameukata kwa kuupiga na kiganja chake. Farasi tunauziana hivyo, na baba yenu aliniposa hivyo, chini ya dari la zizi, na aliyetukata alikuwa mzee Torkel, amelewa, akapiga mara mbili kwa sababu ya kwanza alitukosa. Leo wa tatu ni mimi. Mkono wa kulia, Eilert, unafanya nini na huo wa kushoto? Njooni chini zaidi. Chini, hapa, juu ya blanketi, siwezi kuunyanyua wangu mpaka huko mliko.

Mungu awabariki, wanangu. Aubariki mkono unaoachia na mkono unaopokea. Awape majani makavu na ng'ombe wazima, na... na mtu wa kula naye. Mkichukiana tena, chukianeni kwa sauti, mezani, mmalize... mle. Sigrun, wewe mwanangu, nilikuona. Kila asubuhi nilikuona ukitoka. Sikuwahi kukuambia, kwa sababu nawe ungenikwepa, ungesema, mama, karatasi zako zinaungua huko. Eilert, mtoto wangu wa sufuria... nywele zako...

Ngojeni. Kiganja hiki kimekuwa kizito. Hapana, Mons, usipige wewe. Ni mimi. Nikishindwa kabisa, hapo ndipo upige, umenisikia? Lakini kwanza niache nijaribu.

Kaeni hivyo hivyo. Napumzika kidogo tu, kisha... Msiachiane. Bado sijapiga.